Mtazamaji Naye Ana Kazi Yake

Mwenyekiti, ndugu zangu wapenzi wa tamthilia, hamjambo? Asanteni kwa kufika.

Waandaaji waliniomba nizungumze kama mtazamaji wa kawaida, na ndivyo nilivyo. Sijawahi kushika kamera, wala sijaandika hata ukurasa mmoja wa mchezo wa televisheni. Nilichofanya ni kutazama, miaka mingi, kwa moyo wote, na kubishana na wenzangu juu ya nilichokiona. Kwa hiyo nitakayoyasema ni maoni. Nayaamini, na nimekaa nayo muda mrefu.

Naanza na bibi yangu. Nilipokuwa na miaka kama tisa, spika ya televisheni yetu ilikufa, na ikapita miezi kabla haijatengenezwa. Sisi wajukuu tulinung'unika. Bibi hakujali. Kila jioni alisogeza kiti chake karibu na kioo akaangalia tamthilia yake bila sauti. Mle ndani kulikuwa na mama mkwe mmoja, mwanamke mrefu, mpole wa uso, mwenye pete kubwa kwenye kidole cha shahada. Kila alipokuwa anapanga ubaya, aliizungusha ile pete polepole kwa kidole gumba. Bibi aliigundua kabla yetu sote. "Leo kuna jambo," alikuwa akisema, "hebu subirini." Na kweli jambo lilikuja. Siku spika ilipopona, mjomba akakaa karibu naye aanze kumweleza nani amesema nini na kwa nini. Bibi akamkatiza: "Mwanangu, hebu niache. Namwona."

Neno hilo, *namwona*, ndilo lililonileta mbele yenu. Mtazamaji ana kazi yake. Anaona, anakisia, anasubiri, anahukumu, wakati mwingine anaomboleza. Tamthilia nzuri humwachia kazi hiyo aifanye mwenyewe. Ile mbaya humnyang'anya, ikamkalisha kama mgonjwa wa kulishwa kwa kijiko.

Chukueni kicheko cha mashine. Mnakijua: mtu kwenye kioo anasema neno, na papo hapo umati usioonekana unaangua kicheko. Kwenye vipindi vingine ni hadhira ya kweli iliyokaa studio, na hilo silipingi. Ndivyo "I Love Lucy" ilivyorekodiwa tangu 1951, kamera tatu kwa pamoja na watu mbele ya jukwaa, na Lucille Ball, mwigizaji wake mkuu, alihitaji watu wale kama mwimbaji anavyohitaji ngoma. Ninalolisema ni lile sanduku. Katika miaka ya 1950 fundi sauti Mmarekani, Charles Douglass, alitengeneza mashine yenye vitufe kama vya taipureta. Kitufe hiki kinatoa kicheko cha chini, kile kinatoa cha kuvunja mbavu, kingine cha mwanamke mmoja aliyechelewa kuelewa. Aliificha kwa wivu na kuifunga kwa kufuli. Kipindi kikishapigwa picha, yeye ndiye aliyeamua sisi tucheke wapi na kwa nguvu kiasi gani.

Mtaniambia kicheko kinaambukiza, kinachangamsha mtu aliyekaa peke yake usiku. Ni kweli. Lakini kinaniondolea haki ya kukaa kimya. Kuna maneno ya kuchekesha ambayo ukiyatafakari yanauma, na mashine haijui kutofautisha.

Mfano wangu mkubwa ni "M*A*S*H". Ilianza CBS mwaka 1972, ikihusu madaktari wa hospitali ya jeshi la Marekani katika vita vya Korea. Wakuu wa kituo walitaka kicheko, kwa sababu kipindi cha vichekesho cha nusu saa kilikuwa hakiendi hewani bila kicheko. Larry Gelbart na wenzake waliokitengeneza hawakukitaka. Wakavutana, mwishowe wakapatana: kicheko kiwepo, isipokuwa ndani ya chumba cha upasuaji. Tafakarini mapatano hayo. Mlangoni mwa chumba kile, mashine inabaki nje. Madaktari wanaingia, mikono imelowa damu, wanataniana ili wasilie, na utani wao unaanguka kwenye ukimya. Unaamua wewe. Uingereza BBC waliionyesha bila kicheko kabisa, na ukitazama toleo hilo unaweza kudhani ni tamthilia nyingine, yenye huzuni zaidi na, kwa maoni yangu, inayochekesha zaidi.

Sasa niruhusuni niingie ndani ya chumba hicho, maana hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Tarehe 18 Machi 1975 ilionyeshwa sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu. Kamanda wa hospitali, Luteni Kanali Henry Blake, mtu mwema, mzembe kidogo, mwenye kofia ya kuvulia samaki, amepata ruhusa ya kurudi nyumbani. Wanamuaga. Anavaa suti ya raia, anawakumbatia, anapanda helikopta. Sisi tunaotazama tumeridhika, maana mwigizaji McLean Stevenson alikuwa anaondoka kwenye kipindi na tulidhani tumeshamuaga. Kisha tunarudishwa chumba cha upasuaji. Kazi inaendelea kama siku zote. Anaingia Radar, yule karani kijana, bila barakoa, na mmoja wa madaktari anamkemea aivae. Hajibu. Ana karatasi mkononi. Anasoma kwamba ndege ya Henry Blake imetunguliwa juu ya Bahari ya Japani, imeanguka, na hakuna aliyepona.

Hakuna anayeacha kushona jeraha. Kamera inapita juu ya nyuso zilizofunikwa, yanaonekana macho tu. Mahali fulani kifaa cha chuma kinaanguka sakafuni. Waigizaji wenyewe hawakuwa wamepewa ukurasa ule wa mwisho mpaka siku ya kupiga picha, na ukitazama macho yale unaona kitu ambacho mazoezi hayakitoi. Watazamaji wengi waliandika barua za hasira: tuliwasha tucheke, mbona mmetufanyia hivi? Nawaelewa. Lakini naona hasira ile ilikuwa heshima. Mtu hakasirikii kifo cha kikaragosi. Na miaka minane baadaye, 28 Februari 1983, kipindi kilipofunga kwa filamu ya saa mbili na nusu, Wamarekani takriban milioni 106 walikaa kukitazama. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu, tamthilia ikaenda misimu 11, na watu hawakuchoka, kwa sababu hawakudanganywa.

Tena wapo waliothubutu kuwatendea hivyo hata watoto. "Sesame Street" ilikuwa na mwenye duka, Bwana Hooper, tangu kipindi kilipoanza 1969. Desemba 1982 mwigizaji wake, Will Lee, akafariki. Njia rahisi ilikuwepo: kusema mzee amehama, au amestaafu, au kumweka mtu mwingine nyuma ya kaunta. Waliikataa. Tarehe 24 Novemba 1983 wakaonyesha yule ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, akigawa picha alizowachora marafiki zake wakubwa. Kila mmoja anafurahia yake. Inabaki moja mkononi, ya Bwana Hooper, na Big Bird anasema atampa akirudi. Watu wazima wanatazamana. Wanamkumbusha kwamba amekufa, na aliyekufa harudi. Anauliza kwa nini iwe hivyo. Ni nani kati yetu aliyewahi kupata jibu la swali hilo? Wao pia hawakulipata. Gordon anamwambia ni hivyo kwa kuwa ni hivyo, basi, na sauti inamkwama kidogo. Aliyekuwa ndani ya yale manyoya, Caroll Spinney, ndiye pia aliyezichora zile picha kwa mkono wake.

Nimeitazama sehemu hiyo na mtoto wa dada yangu, ana miaka sita. Hakulia. Alikaa kimya, kisha akauliza picha ile itawekwa wapi. Nikamwambia aangalie mwenyewe. Ilipotundikwa juu ya kiota cha Big Bird alitikisa kichwa kukubali, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

Niende kwenye kusubiri. Hapa najua tutagombana, hasa na vijana mliokaa nyuma.

Tarehe 21 Machi 1980, kwenye "Dallas", mtu asiyeonekana uso alimpiga risasi J.R. Ewing, tajiri wa mafuta aliyekuwa amemkosea kila mtu aliyemkaribia. Msimu ukaishia hapo. Baadaye mgomo wa waigizaji ukachelewesha msimu uliofuata, ikawa jibu halikupatikana mpaka tarehe 21 Novemba. Miezi minane! Watu waliweka dau, walivaa fulana zenye swali hilo, walibishana kazini na mabarazani. Watengenezaji walirekodi miisho kadhaa ili hata waliokuwa kwenye seti wasijue upi ni wa kweli. Usiku wa jibu, watu milioni 83 hivi walitazama nchini Marekani peke yake. Aliyefyatua alikuwa Kristin, shemeji yake J.R. Niseme ukweli, jibu lenyewe lilikuwa la kawaida tu. Uhondo ulikuwa kwenye ile miezi minane. Waandishi waliandika risasi, na sisi watazamaji tukaandika yaliyobaki, kila mmoja na mshukiwa wake na sababu zake. Kila mtu alilazimika kurudi nyuma kukumbuka nani aliumizwa na nini, na katika kukumbuka huko ndiko watu walikoielewa familia ile.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo iliyofanya kosa ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa baya kuliko yote ninayoyajua. Bobby Ewing, ndugu wa J.R., alikufa mwaka 1985. Tukashuhudia mazishi. Tukatazama msimu mzima wa Pam, aliyekuwa mkewe, akijaribu kuishi. Mei 1986 Pam anaamka, anafungua mlango wa bafu, na Bobby yumo anaoga, mzima, anatabasamu. Msimu ulipoanza tena tukaambiwa yote yale yalikuwa ndoto. Mwaka mzima! Mwigizaji alikuwa ametaka kurudi, nalo ni jambo la kheri. Lakini kila aliyelia, aliyemhurumia Pam, aliyejadili hatima yake, aliambiwa kazi yake haikuhesabika. Kuua mhusika kunauma, na mtazamaji hupona. Kumwambia kwamba maumivu yake hayakuwepo ni kumvunjia heshima.

Mnaujua ule usemi wetu wa tangu enzi za kanda za video: steringi hafi. Tulikua nao. Risasi zitanyesha kama mvua, magari yatalipuka, lakini steringi atatoka kwenye moshi akipangusa vumbi. Tulitazama huku tumestarehe, maana dhamana tulikuwa nayo mkononi. Ndiyo maana msimu wa kwanza wa "Game of Thrones", mwaka 2011, ulitushtua kiasi kile. Sean Bean alikuwa ndiye uso wa tangazo, amekaa juu ya kiti cha enzi. Yeye ndiye Ned Stark, mwadilifu, baba, mwenye haki. Steringi hasa. Sehemu ya tisa kati ya kumi, wanamkata kichwa hadharani. Rafiki yangu tuliyekuwa tukitazama naye alisimama akasema, "Hapana, watamwokoa sehemu ijayo." Kichwa kimeshaanguka, yeye bado anangoja farasi na waokoaji.

Kuanzia usiku ule tulitazama tofauti. Hakuna dhamana tena. Kila mtu akiingia chumbani tulimtazama mikono, tulihesabu milango, tulisikiliza ahadi kwa mashaka. Kazi ya mtazamaji iliongezeka, nasi tukaifanya kwa furaha kwa miaka minane. Ndiyo sababu msimu wa mwisho, 2019, wenye sehemu sita tu, uliwauma watu hata zaidi ya milioni moja wakatia saini kwenye mtandao kutaka urudiwe. Mimi sikutia saini, maana kazi ya msanii hairudiwi kwa kura. Lakini naijua hasira ile ilitoka wapi. Daenerys, malkia mwenye joka, anateketeza mji ambao umeshapiga kengele za kusalimu amri. Huenda hatima hiyo ilikuwa sahihi, na dalili zilikuwepo tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba hatukupewa muda wa kumwona akigeuka. Pete haikuzungushwa kidoleni. Tuliambiwa tu kwamba amegeuka, tukatakiwa tukubali.

Linganisheni na "Yo soy Betty, la fea" ya Colombia, ya Fernando Gaitán, iliyokuwa hewani kuanzia 1999 mpaka 2001. Nchi nyingi zimetengeneza Betty yao: Ujerumani, Meksiko, Marekani na nyinginezo. Nimetazama tatu. Ile ya kwanza bado inazishinda, na sababu yake ni subira tu. Usiku baada ya usiku tunakaa na msichana mwenye miwani mikubwa na nyaya za meno, mwenye akili kuliko ofisi nzima, akidharauliwa na watu anaowaokoa wasifilisike. Inachukua muda mrefu mno kabla sura yake haijabadilika, na ikibadilika hushangilii urembo. Ulishamwona mzuri kitambo. Kazi hiyo ulikuwa umeshaimaliza wewe mwenyewe, kabla ya mtengeneza nywele.

Vipindi vya mashindano ya kuimba na vya watu kufungiwa nyumba moja nitavigusa kwa kifupi. Sividharau. Pale mshindani anapoachwa aimbe wimbo mpaka mwisho, natazama. Pale ambapo kila nukta tano wananikatia kwenye uso wa jaji ili nijue nishangae au nisikitike, nazima.

Tarehe 1 Februari 2013 Netflix waliachia sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa "House of Cards" kwa mkupuo. Tangu hapo tumezoea kupewa chungu kizima. Sina ugomvi na uhuru huo. Mtu anayefanya kazi zamu za usiku ana haki ya kutazama saa anayotaka, na aliyelazwa wodini akapata kitu cha kumsindikiza mpaka alfajiri, namfurahia. Ninachokilalamikia ni zile nukta chache za mwisho. Sehemu inaisha, mtu amekufa au amesaliti, wewe bado umeshika shavu, na kabla hujapumua kona ya kioo inahesabu: tano, nne, tatu. Majina ya waliofanya kazi yanasukumwa kwenye kisanduku kidogo kama karatasi ya kufungia. Hapo ndipo mahali pangu! Hapo ndipo ninapofanya kazi. Fikirini Radar ametoka kusoma ile karatasi, na papo hapo linaanza tangazo la sehemu nyingine yenye muziki wa shangwe.

Na kitufe cha kuruka utangulizi. Wengi wenu mnakibonyeza bila kufikiri. Mimi nimekiacha. "The Sopranos" inaanza kwa dakika moja na nusu hivi ya Tony, mkuu wa genge la mafia, akiendesha gari, anatoka kwenye handaki linalotoka New York, anashika barabara za New Jersey, viwanda, makaburi, nyumba ndogo, kisha kubwa, mpaka mlangoni kwake. Maisha yake yote yamo kwenye safari ile. Misimu mitatu ya kwanza, kwenye kioo cha pembeni cha gari yalionekana majengo pacha ya World Trade Center. Msimu wa nne ulipokuja, mwaka 2002, hayapo tena. Hakuna aliyetangaza, hakuna maneno. Gari ni lilelile, muziki ni uleule, na kioo kina pengo. Anayeruka utangulizi hakuliona pengo hilo, wala hajui kwamba kulikuwa na kitu cha kuona.

Tamthilia hiyohiyo ndiyo iliyoniamini kuliko nyingine yoyote. Tarehe 10 Juni 2007, sehemu ya 86, ya mwisho. Tony amekaa mgahawani na mkewe na mwanawe, binti yuko nje anahangaika kuegesha gari. Mlango unalia kengele kila anapoingia mtu. Kengele, Tony anainua macho. Kengele, anainua macho. Kengele, anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi. Ukimya wa nukta kama kumi. Watu wengi walidhani waya umekatika. Wapo waliotukana na bado wanatukana. Mimi naona David Chase, aliyeibuni tamthilia hiyo, alitukabidhi kiti cha Tony tukikalie: sasa wewe ndiye unayesikia kengele na hujui anayeingia. Nimesikia tafsiri nyingi za weusi ule, na nina yangu, lakini leo sitawapa. Mmeshaelewa kwa nini.

Namalizia, maana naona fundi mitambo ananiashiria. Baada ya hapa tutatazama pamoja ile sehemu ya Machi 1975. Najua nimewatobolea siri, na wengine mmekunja uso. Hilo nalo nina maoni nalo: kutoboa siri ya tamthilia mpya ni ukosefu wa adabu, mtu asifanye. Lakini kazi ya kweli haifi kwa kutobolewa. Mmeshajua Henry hatafika nyumbani, kwa hiyo mtamtazama tangu mwanzo kwa macho mengine. Mtazameni anapojaribu ile suti. Mwangalieni Radar wakati wa kuagana, namna anavyosimama.

Tumeichagua ile sauti isiyo na kicheko. Simu naomba zikae mifukoni. Na nimeshaelewana na fundi kwamba majina yatapita yote, mpaka la mwisho, ndipo taa ziwashwe.